Birika la Mapigo Manne

Mama aliyekaa mbele yangu aligeuka mara mbili. Mara ya kwanza alinitazama tu. Mara ya pili akasema kwa upole, "Dada, miguu yako." Nikamwomba radhi. Tulikuwa kwenye viti vya watazamaji, hapa hapa Maskati, katika mashindano ya kimataifa ya kuogelea, na ilikuwa zamu ya wanawake wanaoogelea kichura. Kila kundi lilipoingia majini na kufika pigo la nne la mikono, nilikuwa nakisukuma kiti cha mama wa watu kwa nyayo zote mbili. Sikujua kama nafanya hivyo. Miguu yangu ilikuwa inatafuta ukuta.

Ukuta wenyewe nitakueleza. Ulikuwa Al Amerat, ng'ambo ya milima ya Maskati, nyuma ya nyumba yetu, na ulikuwa wa birika la kumwagilia mindimu ya Bibi. Birika lilikuwa na urefu wa hatua kumi na mbili za Bibi, ambaye hatua zake zilikuwa fupi, na maji yalinifika kifuani. Kulizunguka kulikuwa na ukuta wa pili, wa ua, ambao Baba aliuongeza mistari mitatu ya matofali jirani alipojenga ghorofa. Nikiwa majini niliona vitu vitatu: mbingu, kilele cha mlima usio na mti hata mmoja, na Bibi juu ya mkeka wake.

Bibi alikulia Unguja na alijifunza kuogelea baharini. Kwetu bahari ilikuwa nyuma ya milima, na hata ungeivuka, msichana angeingia na nguo zake zote huku ufuo mzima unamtazama. Kwa hiyo alinifunza birikani. Alinifunza kichura peke yake, mikono na miguu chini ya maji kama chura, kwa sababu hakina kelele. Ile mitindo mingine inarusha maji, alisema, na jirani atajua kuna msichana anaoga.

Kila siku tulianza baada ya sala ya alasiri. Pampu ikinguruma, harufu ya mkate wa ufuta ikitoka jikoni, Bibi akiweka makapu mawili mbele yake, moja limejaa ndimu, moja tupu. Kila nilipogusa ukuta, alihamisha ndimu moja kutoka kapu hili kwenda lile. Zikiisha, ndipo nilipotoka. Pigo moja, mbili, tatu, nne, mikono miwili ukutani kwa pamoja, geuka, sukuma. "Nyayo zote mbili," alikuwa akiniambia. "Ukuta ndio unaokupeleka." Kila Alhamisi maji yalifunguliwa yakaenda kwenye miti, nami nikashuka na brashi kusugua ukoga wa kijani. Nikisimama ndani ya birika tupu, ukingo ulinifika machoni. Nilijua kila ufa. Siku zile sikutaka kitu duniani ila pigo la tano.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mwalimu wetu wa kike wa michezo alisikia kwa wenzangu kwamba naogelea. Akaja nyumbani na saa yake ya kuhesabia sekunde. Alinipima birikani, akapiga hesabu kwenye kiganja, akapima tena. Akamwambia Bibi kwamba kwa kasi ile ningewashinda wasichana wote anaowajua. Kulikuwa na mashindano ya wasichana wa shule, na wageni kutoka nchi jirani, mita hamsini, wanaume hawaingii. Akaacha karatasi ya kutiwa saini na Baba.

Baba hakukataa. Alisema atafikiri. Karatasi ikakaa juu ya televisheni, chini ya rimoti, na kila jioni aliinyanyua rimoti, akabadilisha chaneli, akairudisha pale pale. Nilikuwa nazihesabu jioni hizo kama mgonjwa anayehesabu siku. Jumatano Bibi akachoka.

"Wewe nimekufunza kuogelea mwenyewe, kwetu Unguja, hujaota meno ya mbele. Nani alikutilia saini?"

"Mama, mimi mwanamume."

"Ulikuwa kitoto unakunywa maji ya chumvi na kulia. Nnakukumbuka vizuri."

Baba akacheka bila kutaka, akaitia saini. "Mara moja," akaniambia. "Na Bibi yako aende nawe."

Bwawa kubwa la mashindano, huko Maskati, lilikuwa na saa za wanawake asubuhi moja tu kwa wiki, wakati wa masomo, kwa hiyo hatukwenda kujizoeza. Siku yenyewe foleni ya magari ilitushika mlimani, na tulipofika majina yalikuwa yanaitwa. Nilivaa kofia ya mpira huku natembea. Nikapanda kwenye kibao cha kurukia, na kwa mara ya kwanza nikaona maji ambayo mwisho wake uko mbali. Filimbi ikalia.

Niliwaacha. Nasema hili kwa sababu Bibi aliliona na mwalimu aliliona. Pigo moja, mbili, tatu, nne, na hakuna aliyekuwa sambamba nami. Kisha nikainua mikono yote miwili kugusa ukuta, nikakunja magoti, nikageuka, nikasukuma. Sikusukuma kitu. Niliibuka nikitazama nilikotoka, maji yakinijaa puani, na kila upande palikuwa wazi. Hilo ndilo nililoliomba miaka yote, na nilipolipata nilishikwa na khofu kama mtu aliyefungiwa chumbani. Wenzangu wakanipita. Nilifika wa mwisho, baada ya kujaribu kugeuka mara mbili nyingine.

Kwenye gari Bibi alikuwa na mfuko wa ndimu sita mapajani. Mwalimu alikuwa amemwambia mita hamsini ni kama kulikata birika mara sita. Zote sita zilikuwa bado mfukoni.

"Mbona ulisimama?"

"Ukuta haukuwepo, Bibi."

Tukavuka mlima. Kisha akasema, kama anajisemea, "Kosa langu hilo. Nimekufunza kugeuka." Akaipasua ndimu moja kwa ukucha, akanipa ninyonye.

Baba hakuuliza sana. "Umeshashindana, khalas, basi." Karatasi nyingine ilipoletwa mwaka uliofuata, hata juu ya televisheni haikufika. Birikani nilikuwa nimerudi kesho yake tu baada ya mashindano yale. Sikulichukia tena kwa ufupi wake, na hilo ndilo lililonitisha.

Sasa Bibi hayupo, mindimu imekatwa, jirani amehama na ghorofa yake imepangishwa. Nafanya kazi ofisini Maskati ya zamani, na jioni napanda mlima ule ule kwenye foleni ile ile. Birika lilifukiwa na kupigwa saruji, likawa banda la magari. Ukuta wa ua umebaki, na ile mistari mitatu ya Baba. Jana, nilipotoka kwenye mashindano, niliingiza gari polepole hadi bampa ikakaribia kugusa ukuta, kama kila siku. Nikazima injini. Nilikaa humo ndani kwa muda, kwa sababu pale, chini ya saruji, ndipo nilipokuwa nikigeuka, na mguu wangu wa kulia ulikuwa bado umekanyaga breki.