Nailo Chini ya Feni

Mama alifika kwangu Butembo na sufuria moja isiyo na mfuniko, rozari, na vitenge viwili alivyovivaa kimoja juu ya kingine. Alitoka Eringeti, akikimbia vita. Namna alivyotoka sitaisimulia. Waliotoka upande ule wanaijua, na wengine nadhani wameisikia mpaka wamechoka. Nilimnunulia godoro nikaliweka sebuleni, maana chumba cha pili kina unyevu na kifua chake hakielewani na unyevu. Godoro lilikuja na nailo yake ya dukani. Mwezi ukapita, na mwingine, nailo haijavuliwa. Nilipomuuliza alinijibu, "Iko muzuri hivi. Siku ntaenda, ntaenda nayo ikiwa ya mupya."

Hiyo "siku ntaenda" niliikumbuka kila nilipopita karibu na lile godoro.

Shida ilikuwa kompyuta yangu. Ninaishi kwa kukata na kuunga filamu za harusi. Watu wananiletea saa nane za kucheza, kula na kupeana zawadi, nami nawarudishia saa moja na nusu ambayo hakuna shangazi aliyesahauliwa. Kazi hiyo inaichemsha prosesa, kile kibamba kidogo kinachofanya hesabu zote za mashine, na prosesa ikichemka feni yake inakimbia ili kuipoza. Feni yangu ilikuwa kuukuu, upana wa kiganja cha mtoto, na ilinguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Mimi nilishaizoea. Nisifiche: nilikuwa naitaka. Ikinguruma, sikusikia pikipiki zikipanda mlima, wala simu za wenye harusi, wala mawazo yangu mwenyewe. Kimya na mimi hatupatani. Nikikaa dakika tano bila kelele nasimama, nafagia palipokwisha fagiwa, nachungulia dirishani, narudi kukaa, nasimama tena.

Mama yeye alihitaji masikio. Alikaa ukingoni mwa godoro mchana kutwa, uso mlangoni, na feni ilipoanza kazi alitoka akasimama uani, hata kwenye mvua, kitenge kichwani, akiisikiliza njia.

"Mama, uingie, baridi itakukamata," nilimwita.

"Iyi mashine yako inanifunga masikio," alisema bila kugeuka. "Mutu anaweza fika mpaka kwa mulango, na mimi hapana musikia."

Kuizima sikuweza, umeme wetu ni wa mchana, na mchana ndio mkate wetu. Basi Jumatatu moja, tukila sombe ya majani ya muhogo, alinitangazia kwamba mwanamke waliyepakana naye mashamba kule Eringeti, ambaye naye alikuwa amehamia Butembo, angerudi Jumamosi kuyaangalia maharagwe yake. "Ntaenda naye," Mama alisema. "Kule hata woga ikiwako, mutu anasikia."

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka sombe ikanishinda, na kwa kuwa sikuthubutu kumfokea mama yangu, nilichukua bisibisi nikaifungua kompyuta. Mimi nikiwa na hasira natengeneza vitu. Nilikuwa na siku tano za kuinyamazisha ile mashine, na kama ningeshindwa, Mama angepanda gari la Eringeti na godoro lake la nailo.

Jambo la kwanza nililojifunza, kwa kusoma kwenye simu huku nikizunguka meza, ni kwamba feni kubwa ndiyo yenye kimya. Ndogo inalazimika kukimbia. Kubwa inasogeza hewa ileile ikitembea polepole, kama mtu mwenye miguu mirefu akienda sokoni na mfupi. Nilitaka ile ya mnara: mabamba membamba ya alumini yaliyopangwa juu ya mabomba ya shaba, na feni pana ubavuni. Lakini mnara ni mrefu, na sanduku la kompyuta lina mwisho wake. Nilipima kwa utepe wa mshonaji, kutoka prosesa hadi kifuniko, mara nne kwa sababu sikujiamini. Sentimita kumi na sita na nusu. Nilipiga picha namba ya prosesa na matundu manne yaliyoizunguka, nikazunguka maduka ya Butembo siku nzima ya Jumanne. Waliniletea feni ndogo ndugu za ile yangu, na nyingine zenye taa za kumetameta. Mtu mmoja akaniambia niende Beni, kuna mfanyabiashara anayeleta mizigo ya Kampala.

Jumatano asubuhi nilipanda pikipiki. Mama alinishika mkono. "Urudie mbele ya saa kenda," alisema, na alikuwa hatanii.

Duka lenyewe Beni lilikuwa katikati ya jenereta mbili na spika ya muuza simu. Mwenye duka, mzee kidogo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinionyesha kwanza yenye taa. "Maman, iyi batoto banaipenda sana."

"Papa, mimi hapana tafuta taa. Natafuta yenye hapana kelele."

Akaniletea ya maji, yenye mirija miwili. Nilikataa, maji ndani ya mashine inayonilisha, hapana. Ndipo akatoa mnara. Sentimita kumi na tano na nusu, zimeandikwa kwenye boksi, na vyuma vya kuufungia vilikuwa vya matundu yangu. Lakini kimya chake ningekijuaje katika makelele yale? Nilimwambia sitanunua kitu nisichokisikia. Alinitazama, akacheka kwa pua, kisha akanipeleka nyuma, kwenye stoo ya magunia ya mchele, akafunga mlango na kugusisha nyaya za feni kwenye betri ya pikipiki. Feni ikazunguka. Niliinama nikaweka sikio. Nilisikia upepo shavuni, na pumzi ya yule mzee, na jenereta mbali huko nje. Feni yenyewe, karibu hakuna kitu. "Unaisikia?" aliuliza. Nikasema hapana. "Voilà," akasema, "donc iko ile." Yaani basi ndiyo hiyo.

Saa nane nilikuwa Butembo. Mama alikuwa amesimama barabarani.

Alhamisi nilianza. Kuufunga mnara si kama kubandika feni ndogo. Inabidi ulitoe bamba mama zima, lile linalobeba vifaa vyote, utie chuma cha kushikilia nyuma yake, ulirudishe, ndipo uweke mnara. Niliisafisha prosesa kwa pamba na spiriti. Nikageuza mnara nikauona uso wake wa chini, wa shaba iliyong'arishwa, na juu yake nailo nyembamba iliyokaa sawasawa, imeandikwa maneno ya Kichina.

Sitadanganya. Niliiona. Na niliiacha makusudi.

Anayetoka kwetu atanielewa. Nimekulia katika nyumba ambayo nailo haikuvuliwa kwenye kitu chochote. Redio ilikuwa na nailo. Rimoti, tulipokuja kuwa nayo, ilifungwa nailo na mpira juu. Viti vya sebuleni vilikuwa na nailo iliyokushika mapaja wakati wa joto, na mtoto aliyeitoboa kwa kidole alilala na machozi. Nailo ilikuwa heshima ya kitu. Ilisema kwamba wenye nyumba wanajua kutunza. Nikaona ile shaba inang'aa, nikasema moyoni isikwaruzwe, nikapaka ile dawa ya kijivu inayopitisha joto juu ya prosesa, nikakaza skrubu nne, nikajipongeza.

Niliwasha. Kimya. Mama aligeuza shingo kunitazama, na uso wake nilioukosa siku nyingi ukawa pale. Nikaweka filamu ya harusi iunguzwe, yaani mashine iunganishe vipande vyote kuwa filamu moja, nikakaa mikono mapajani. Dakika tatu hazikwisha. Digrii zilipanda kwenye kioo, sabini, themanini, tisini na kitu, na kompyuta ikajizima yenyewe. Nikaiwasha, ikajizima. Mara ya tatu nilipiga meza kwa kiganja. Nilijiambia yule mzee wa Beni ameniuzia uchafu, na nikamtukana kwa lugha tatu, Mungu anisamehe. Nilitembea kutoka mlangoni hadi dirishani mpaka Mama akasema, "Kaa kwanza. Unanizungusha kichwa."

Ijumaa nilifungua tena skrubu. Nilipoung'oa mnara, Mama alikuwa amechutama kando yangu. Alipenda kuona kitu kikifunguliwa. Alinyoosha kucha akagusa ukingo wa shaba.

"Na iyi nailo?"

"Ni ya kuichunga, Mama."

"Ile kitu haikukuwa inatafuta kupata moto ya ile ingine? Ili iipeleke huko juu?" Nilikuwa nimemweleza hayo mimi mwenyewe Jumatano, kwa fahari, nikichora mabomba kwa kidole. "Sasa moto itapita wapi, na umeiwekea nailo?"

Mwanamke ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Nilitaka kucheka na kulia, nikafanya vyote viwili kidogo kidogo. Mama hakucheka. Alishika ncha ya nailo kwa kucha, akaivuta polepole, ikatoka na dawa yote ya kijivu, akaikunja viganjani mwake.

"Biti byangu sita bya salon," alisema, vile viti vya sebuleni, "bilikuwa na nailo mpaka siku tulitoka."

Nikafuta prosesa upya, nikakamua dawa iliyobaki kwenye kijirija, kiasi cha punje ya mahindi, nikakaza skrubu. Moja iliniponyoka ikaanguka chini ya meza. Mama ndiye aliyeiokota.

Safari hii digrii zilifika sitini na kitu zikakaa. Harusi iliunguzwa saa mbili nzima, na chumbani hapakuwa na sauti ila mvua, na mbuzi wa jirani, na kitu kingine ambacho sikuwa nimekisikia tangu Mama aje: nailo ya godoro. Kila alipojigeuza ililia chini yake. Kila alipoegemea, ililia. Miezi yote ile mama yangu alikuwa analala juu ya ile sauti, nami nilikuwa nimeifunika kwa feni. Sikuweza kukaa. Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka.

Hakuna aliyeitaja Jumamosi, lakini furushi lake alikuwa amelifunga.

Jumamosi asubuhi nilijifanya ninafanya kazi. Niliweka kipande kilekile cha bibi harusi akishuka garini, nikakirudia, nikakirudia. Mama aliinua kichwa. "Huyo anakuja," alisema. Mimi sikuwa nimesikia lolote. Muda ukapita, ndipo nilipozisikia ndala kwenye kokoto, na mwanamke wa Eringeti akabisha. Mama alitoka. Furushi lilikuwa bado karibu na mlango, na niliogopa hata kuliangalia.

Walisalimiana kwa Kinande, lugha yetu, wakasemezana juu ya maharagwe na mvua. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi kwa nguvu zake zote, na nilisikia kila neno.

"Hauko tayari?" mwanamke aliuliza.

"Wewe uende na Mungu," Mama alijibu. "Lakini ukifika kwangu, uangalie ile biti kama bingali. Kama bingali, utoe nailo yote. Halafu ubikalie."

Ndala zikashuka mlima. Mama aliingia, akalipita furushi, akasimama mbele ya godoro. Aliushika mkono wangu wa kulia, ule wenye kipanya, akautoa mezani.

"Leta makasi," aliniambia. "Na ushike huku."