Daftari la Mahudhurio la Mtoto Mmoja

Katika kumbukumbu zangu za muhula ule, mvua huwa daima iko karibu kunyesha. Mawingu yanajikusanya upande wa msitu, mwanga wa barazani unageuka rangi ya chai isiyo na maziwa, na binti yangu wa miaka tisa ameketi mbele yangu, kitabu kimefunguliwa, mdomo umefungwa.

Alikuwa ameacha kusoma kwa sauti. Siku moja alikwama kwenye neno darasani, wenzake wakamcheka. Tangu hapo aliongea vizuri akicheza, lakini kitabu kikifunguliwa tu, sauti ilitoweka. Nikamtoa shuleni ili nimfundishe nyumbani. Baba yake alinipa muhula mmoja: asiposoma kwa sauti kufikia mwisho wake, angerudi katika darasa lile lile.

Kwa hofu, nikajenga shule nyingine. Saa mbili kamili niligonga sufuria kwa mwiko. Nilimvalisha sare. Nilinunua hata daftari la mahudhurio, nikawa naliita jina lake kila asubuhi, naye akiinua mkono bila kunena.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, mama mkwe wangu alitutembelea kutoka Butere, akatukuta katikati ya mwito huo.

"Mulembe, mwalimu," alinisalimu. "Hiyo rejista ni ya watoto wangapi?"

"Mmoja, mama."

"Na huyo mmoja unaogopa atapotea kati ya kiti na meza?"

Binti yangu alicheka. Mimi sikucheka. Nilimweleza mama kuhusu zile wiki mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua viatu.

"Leo mpatie ruhusa. Kile kichuguu nyuma ya migomba kiko tayari. Kumbikumbi watatoka."

Alikunja fito juu ya kichuguu, akazifunika kwa blanketi kuukuu, akachimba kishimo pembeni cha kuwanasia. Kisha akaketi na kuanza kugonga gogo kwa vijiti viwili, polepole, mfululizo, kama matone ya kwanza juu ya mabati.

"Wakisikia hivi, wanafikiri mvua imekuja," alisema.

"Kukhu, kwani tunawadanganya?" binti yangu alimuuliza bibi yake.

"Tunawabembeleza. Wewe ukivutwa masikio ungetoka?"

Mtoto akaingiza kichwa chini ya blanketi kutazama. Mimi niliketi juu ya ndoo, nimelewa ule mdundo wa vijiti na harufu ya udongo, nisijue kama zimepita dakika kumi au mchana mzima. Ndipo nikasikia sauti chini ya blanketi.

"Kumbikumbi wa kwanza?"

"Nipo, mwalimu," alijijibu mwenyewe kwa sauti nyingine, nyembamba.

"Wa pili?"

"Nipo, mwalimu."

"Wa tatu? Wa tatu hayupo. Ana homa. Tutamwekea chakula."

Ilikuwa sauti yangu hasa, mwito wangu wa kila asubuhi, ila ndani yake mlikuwa na upole ambao mimi sikuwa nimeutia. Nilinyoosha mkono nilifunue blanketi. Mama mkwe akanichapa vidole kwa kijiti kimoja, kile kingine kikiendelea kugonga.

Kesho yake sufuria ilibaki jikoni. Nililitandaza blanketi lile juu ya meza, bado lina udongo, nikaweka kitabu na tochi chini yake. Binti yangu akaingia bila kuuliza. Nikachukua penseli mbili, nikaanza kugonga ubao wa meza.

Niligonga kwa muda mrefu. Kisha akasoma. Alisoma sentensi nzima, akakwama kwenye neno, akanyamaza. Nikaendelea kugonga. Akalijaribu tena, akalipita, akasonga mbele.

Baba yake alikuwa akijiandaa kwenda kazini. Alisimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akasikiliza mpaka ukurasa ukaisha.

"Mwongezee muhula," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Nyamazeni darasani!" lilisema blanketi.

Akavua na kile kiatu cha mguuni, akaketi sakafuni.