Baba wa Kwenye Simu

Simu ililia kabla ya mtoto kulia. Tulikuwa kwenye benchi la kliniki ya watoto, Mukurweini, na baba yake alikuwa akipiga kutoka ng'ambo, uso umejaa kioo kizima.

“Kulea ni kazi, hata silali,” alilalamika. Mkewe, aliyekesha na mtoto, alimfunika mtoto vizuri. Kando yake babamkwe, Mzee Kariuki, alikumbatia mfuko wa nepi.

Kwetu kifunguamimba wa kiume huchukua jina la baba wa babake. Lakini huyu wa ng'ambo aligombana na mzee wake, na tangu mtoto azaliwe amelizuia jina hilo.

“Ati bado hana jina?” muuguzi aliuliza.

“Mwambie angoje,” simu ikaamuru. “Mimi ndio baba. Nikikuja nitampatia jina ya kisasa.”

Mzee akatazama viatu vyake.

Mwanamume hajabadilisha hata nepi moja, lakini amri anazituma bila kuchoka. Ubaba wa namna hiyo huzima betri ikiisha.

Mama aliilaza simu kifudifudi kwenye benchi. Akamweka mtoto mapajani pa mzee.

“Andika, sista,” alisema. “Anaitwa Kariuki.”