Injini Iliyofunguliwa Mbele Yangu

Baba alikuwa mchanjaji wa watoto. Miaka yote ya utumishi wake alizunguka vijiji vya Busunzu na Kasanda kwa pikipiki moja, na alipostaafu akainunua kwenye mnada wa vitu chakavu. Alipofariki, pikipiki ilikuwa na umri kama wangu, zaidi ya miaka arobaini, na injini ilikuwa imenoki. Nilitaka iwake tena. Sikuwa na sababu nyingine ya kumweleza mtu.

Nilimpelekea baba mdogo. Hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa fundi wa pikipiki Kibondo mjini, rafiki wa baba tangu ujana, na sisi watoto tulimwita hivyo. Alikaa nayo masika yote. Nikimpigia simu, ananiambia vipuri vya zamani ni adimu, nivumilie. Aliponirudishia iliwaka. Nikaiendesha siku mbili. Ya tatu ikaanza kugonga ndani kama mtu anayepiga bati kwa nyundo, ikazimika njiani.

Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa mzee mmoja wa Kasulu, aliyekuja kutoka Burundi akiwa mtoto na kupata uraia ukubwani. Nikaipakia kwenye gari la mizigo. Yule mzee alinipa kigoda, akanikataza kuondoka. Alisema injini ya mtu haifunguliwi mwenyewe akiwa hayupo. Kila alichokitoa alikifuta kwa kitambaa na kukipanga juu ya gunia, mbele ya miguu yangu.

Alipofika kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, aliiinua kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku.

"Mwana wanje," aliniita kwa Kirundi, yaani mwanangu, "nani aliifungua kabla yangu?"

Nikamtaja.

"Krenki hii ni ya bodaboda za siku hizi. Ameikazia kwa vipande vya bati ili ikae. Silinda nayo siyo yake. Vya baba yako vimetolewa."

Nilimwomba aitengeneze hata hivyo. Alikataa. Alisema angeweza kuifanya ilie ili nifurahi, lakini ingenizimikia tena, pengine mteremkoni. Siku ile nilimchukia kidogo kwa kuniambia ukweli.

Kesho yake nikaenda Kibondo. Baba mdogo alikuwa ameinamia tairi. Hakukana. Alisema kuna mtu wa mjini anayekusanya pikipiki za zamani, alimsumbua sana amuuzie vile vipuri, na marehemu hahitaji tena usafiri. Nikamuuliza kama vitu vile vinaweza kurudi. Alitikisa kichwa, akaendelea na tairi lake.

Nilimkuta mama akichambua maharage, nikamweleza yote. Nilitarajia alie, au alaani. Mikono yake haikusimama.

"Usimwambie mtu," alisema mwishowe. "Ndiye aliyeuosha mwili wa baba yako, ndugu zake walipoogopa kuambukizwa ugonjwa uliomuua."

Sikulijua hilo. Mimi nilifika siku ya mazishi, jeneza likiwa limeshafungwa, na sikuuliza nani alifanya nini. Niliketi chini kando ya ungo wake nikashindwa hata kukasirika vizuri.

Pikipiki iko stoo, bila injini; vipande vyake nimevifunga guniani. Tukikutana sokoni namwamkia baba mdogo shikamoo. Anaitikia marahaba, mwanangu, ananiuliza shule inaendaje. Namjibu inaendelea vizuri, kisha kila mmoja anashika njia yake.