Ile Anacheka

Mugure wa Dundori, mwandishi wa vijitabu vya mazishi vyenye wasifu na picha za marehemu, hakuwahi kumwamini fundi. Laptop yake ilipoanza kujikokota kama konokono, aliileta Nakuru vilivyomo vihamishwe kutoka diski yake kuukuu hadi SSD mpya, diski ya kasi zaidi, halafu akagoma kuondoka.

"Niiache hapa mnibadilishie vipuri? Sitoki!"

Fundi Kimaiyo alimwomba muda, kwanza atoe nakala ya picha.

"Picha zangu usiguse, boss. Hamisha tu, kesho kuna mazishi!"

Alimsimamia begani, akamharakisha na kumfokea hadi fundi akachanganyikiwa. Programu ilipouliza ni diski gani inanakiliwa juu ya ipi, Kimaiyo alibonyeza kinyume. Ile mpya, tupu kabisa, ikanakiliwa juu ya ile iliyojaa. Kila kitu kikafutika.

Humo mlikuwa na picha za mtoto wa mteja wake Cheruto, wa miezi saba, ambaye angezikwa kesho. Simu ya Cheruto iliyozipiga ilikuwa imeibwa, na nakala nyingine haikuwapo.

Mugure alikuwa bado amemkaba Kimaiyo shati, akilia, "Zirudishe! Zirudishe!" Cheruto akapiga kwa simu ya kuazima.

"Dada Mugure, pale mbele ya kijitabu uweke ile anacheka."