Imeamuliwa na Nani

Mama mdogo alikuwa akiuza vitunguu kwenye senta yetu, pale malori yanaposimama kupoza breki baada ya kuteremka mlima wa Sekenke. Nilikuwa nimerudi kwake kutoka Rungwa, baada ya kuchoka na mizinga ya nyuki kama nilivyochoka na mengine yote. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini karatasi yenye maandishi siwezi kuipita. Mwalimu aliyepanga chumba pale nyumbani alikuwa anasoma chuo akiwa kazini, akaniazima vitini vyake vya sosholojia ya siasa. Kimoja kilisema mwenye madaraka si yule tu anayeshinda mabishano, ni yule pia anayehakikisha jambo halifiki kwenye mabishano. Hapo niliacha chai ikapoa.

Wiki hiyohiyo tukaambiwa wauza vitunguu wote wahamie nyuma ya maghala. Huko hakuna lori linalosimama. Mama mdogo hana shamba wala mume. Ana ile meza.

Kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti, ambaye ni mdogo kwangu kwa umri, alisema, "Imeamuliwa wafanyabiashara wadogo wahame."

Nikanyoosha mkono. "Imeamuliwa na nani?"

"Huyu naye karudi lini?" mama mmoja akauliza, watu wakacheka.

"Kwanza salimia mkutano," mwenyekiti akasema.

Nikasalimia, nikauliza tena.

"Kaka, nimeshasema. Imeamuliwa. Ni maagizo kutoka juu."

Kesho yake nikaenda huko juu, yaani ofisi ya kata. Mtendaji alikuwa mpole, hata kiti alinipa.

"Sisi hatujaamua kitu," akasema. "Lilipendekezwa kutoka chini, tukapokea."

"Chini kwa nani?"

"Kwa wananchi."

"Mimi si mwananchi?"

"Sasa si ungesema kwenye mkutano?"

Nilirudi kwa miguu nikiongea peke yangu. Nikamuuliza mwalimu vitini vinasemaje kama kila unayemfuata anakuelekeza kwa mwingine. Akafikiri. "Hilo haliji kwenye mtihani," akasema.

Basi nikawaendea akina mama, meza kwa meza. Nikawaambia wasipohama hata mmoja, atalazimika kujitokeza mtu wa kuwahamisha, na hapo tutamjua. Wengine wote walikubali. Mama mdogo peke yake alinijibu kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini, kwamba mimi nitaondoka tena na yeye atabaki na watu hawa.

Asubuhi ya siku ya kuhama barabara ilikuwa tupu. Walikuwa wamewahi nyuma ya maghala kugombea nafasi. Niliwakuta wanasukumana, wanatukanana, kila mmoja anataka kona ya kwanza ya mahali pasipopita mteja. Mama mdogo na jirani yake wa miaka yote walivutana meza mpaka mguu ukavunjika. Mwenyekiti hakuwepo, na hakuna aliyemtaja.

"Unaangalia nini?" mama mdogo akanifokea. "Lete jiwe tuegemeze hapa!"

Nikaleta jiwe. Sasa yeye na jirani hawasalimiani. Mwenyekiti akipita anasimama, anamuuliza habari za biashara, naye anasema nzuri, anamchagulia vitunguu vile vikubwa.