Dada Yangu Alinificha Hali ya Baba Nikiwa Kwenye Intavyu

Admin, naomba usitaje jina langu wala la kijiji chetu. Huku Tetu tunajuana, na dada yangu anafuata huu ukurasa.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tano. Nilisomea uchumi, nikamaliza chuo, nikarudi nyumbani kuchuma majani chai huku nikituma maombi ya kazi. Nilitaka kazi moja tu, ya treda, yule mtu anayekaa mbele ya kompyuta akinunua na kuuza hisa na dola kwa niaba ya kampuni. Majirani walisema ni kamari. Baba ndiye alinielewa. Alikuwa akisikia habari za bei kwa redio ananiita, "Sasa dola ikipanda, sisi watu wa majani chai tunacheka ama tunalia?" Tulikuwa tukikaa hapo tukibishana mpaka ng'ombe waanze kulia.

Mwaka huu Baba akaanza kuugua moyo. Dada yangu mkubwa, nitamwita Wambui ingawa si jina lake, ndiye aliyemuuguza. Alimwosha miguu, akamlisha uji, akawa analala kwa kiti kando ya kitanda chake. Baba alipozidiwa tulimpeleka hospitali Othaya, na Mami akakaa naye huko. Wiki hiyo hiyo kampuni moja ya Nairobi ikaniita intavyu ya treda anayeanza, kwa njia ya video. Nilitaka kuomba wanisogezee siku, lakini Baba alikataa. Alinishika mkono akasema, "Enda ujibu maswali. Mimi utanipata hapa."

Nyumbani mtandao hukatika ovyo, kwa hivyo mimi na Wambui tulishuka Nyeri mjini, kwa ofisi ya rafiki yake. Kampuni ilikuwa imesema simu zizimwe. Nikazima yangu nikampa Wambui, akaketi nje ya mlango.

Sehemu ya kwanza ilikuwa hesabu za haraka za kichwa, kisha mchezo wa kununua na kuuza, wao wakinipa habari mpya kila mara na bei zikiruka. Nilifanya vizuri, mimi mwenyewe niliona. Nikapewa mapumziko. Wambui alinipokea na chai na mandazi. Macho yake yalikuwa mekundu.

Nikamuuliza, "Baba ako aje?"

Akasema, "Amelala. Kunywa chai, usiongee sana, utachoka."

Nikarudi ndani. Safari hii ilikuwa maswali. Mzee mmoja aliniuliza bei ikigeuka ghafla nitajuaje ni wakati wa kuuza nikubali hasara. Nikamjibu, halafu nikaongeza mzaha kidogo, wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Hicho kicheko ndicho kinanimaliza. Kila nikikikumbuka najiuliza Baba alikuwa wapi na pumzi yake wakati huo.

Nilipotoka Wambui alinirudishia simu, akasema tu, "Twende Othaya." Njiani hakunitazama. Tulimkuta Mami kwa benchi nje ya wodi, koti la Baba likiwa kwa magoti yake. Nikajua.

Mami akasema, "Alikuwa anakuita. Nikamwambia uko njiani, akawa anaangalia mlango." Kisha akageuka kwa dada yangu. "Wambui, si nilikupigia kitambo nikakuambia umlete?"

Hapo ndipo nilielewa. Mami alikuwa amepiga simu kabla ya yale mapumziko. Wakati nakunywa ile chai, Baba alikuwa hai, na Othaya si mbali. Ningemkuta.

Nilingoja tumzike ndipo nikamkabili jikoni. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanipa mandazi."

Akasema polepole, "Ungeenda, angekufa tu, na kazi ingepotea. Yeye mwenyewe alitaka uipate."

Nikamwambia ameniibia baba. Nikamwambia sitamsamehe na asiniite dada tena. Alichukua ndoo akaenda kukamua. Tangu siku hiyo tunakula meza moja bila kusemezana.

Kisha kampuni ikaniandikia. Nimepata kazi, na wanataka niripoti mwisho wa mwezi. Sikumwambia mtu isipokuwa Mami. Nilidhani atafurahi. Aliweka kisu chini, akaacha viazi alivyokuwa akimenya, akaniambia, "Unajua Wambui pia hakumwona? Nilipopiga simu angeweza kuja peke yake. Ni yeye alikuwa akimlisha huyo mzee kila siku. Nikamuuliza mbona hakuja, akasema ungetoka ukose mtu hapo mlangoni ungejua kuna kitu."

Sikuwa nimefikiria hilo hata mara moja. Nilikuwa nimeshika uchungu wangu kana kwamba Baba alikuwa wangu peke yangu.

Lakini jameni, bado nina hasira. Nikiichukua kazi, naona ni kama namwambia Wambui alifanya sawa. Nikiikataa, basi yeye alimkosa Baba bure, na mimi pia. Mami anasema niende Nairobi, mambo mengine yatajipanga. Sioni yakijipanga.

Jana nilimsikia Wambui akilia zizini. Wakati wa mazishi hakulia, watu hata wakamsema kwamba ana roho ngumu. Nilisimama nje ya mlango nikimsikiliza, nikashindwa kuingia, na nikashindwa kuondoka. Nyinyi mliowahi kukosana hivi na mtu wa damu yenu, nishaurini. Ningeingia, ningemwambia nini?